Kiwanda cha Mtu Mmoja

Nilizisikia kandambili zake kabla sijamwona. Nilikuwa juu ya ngazi, uso umeelekea ukutani, nikimalizia kibao cha duka la dawa, na kule chini barabarani zikaja: pa, pa, pa, pa. Mwendo wake naujua. Akiwa na furaha huziburuta, kama mtu asiyetaka safari iishe. Akiwa na hasira kila hatua inagonga kama mhuri wa ofisi. Siku ile ilikuwa mihuri mitupu.

"Shuka," alisema.

"Bado herufi moja, mpenzi. Hapa panasomeka 'Duka la Daw'. Watu watafikiri mwenye duka ana kigugumizi."

"Shuka kabla sijaiondoa ngazi."

Nikashuka. Si kwa kuogopa ngazi. Kwa kuogopa sauti. Sauti yake ikipanda, huwa amekasirika kidogo tu na atacheka kabla ya jioni. Ikishuka namna ile, ikawa laini na kavu, ujue kuna jambo.

Mtaa mzima unamwita Rula. Jina alipewa shule ya msingi na halikuwahi kumtoka, kwa sababu hutembea wima na akikuambia neno halina kona. Mimi naitwa Brashi, na sina haja ya kueleza. Baba yake, seremala, anaitwa Mzee Randa. Ndivyo tulivyo sisi: kila mtu na chombo chake.

Alisimama mbele yangu na bahasha mkononi. Kwenye nywele zake, juu kidogo ya sikio, kulikuwa na kipande cha maranda ya mbao, kimejikunja kama pete. Maana yake alitoka karakana ya baba yake moja kwa moja, bila hata kujitazama kwenye kioo. Vidole vyangu vilitaka kukiondoa. Nikavikataza.

"Soma," alisema.

Ilikuwa barua ya chuo. Mwezi uliotangulia walishampa nafasi ya kusomea uhandisi wa majengo, na siku hiyo nilimbeba mgongoni kutoka kituo cha basi hadi kwao huku akinipiga kichwani nimtue. Lakini nafasi ni kitu kimoja na ada ni kitu kingine. Chuo kina mfuko wa kuwalipia ada na bweni watoto wa watu wasio na uwezo, na Rula aliomba. Tulikuwa tunangoja jibu. Sasa jibu lilikuwa mkononi mwangu.

"Ombi lako limekataliwa," nilisoma kwa sauti. "Mkaguzi wetu alifika nyumbani na kubaini kwamba mzazi wako anamiliki kiwanda cha samani chenye matawi..." Nikainua macho. "Matawi? Matawi gani? Nani amesema matawi?"

"Geuza ukurasa."

Nikageuza. Kulikuwa na picha.

Sitaficha. Nilipoiona picha ile, kitu cha kwanza kilichonijaa kifuani ni fahari. Kilikuwa kibao changu. Nilikichora miezi mitatu iliyopita, siku nne nzima, nikampelekea Mzee Randa kama zawadi ili anitazame kwa jicho jingine. Herufi nyekundu zenye kivuli cha dhahabu, kona zimepambwa maua, na kwenye picha rangi zilitoka vizuri kuliko hata nilivyozikumbuka:

KIWANDA CHA SAMANI ZA KIFALME. TAWI KUU.

Na chini yake, kwa mwandiko wa kulala, shairi langu mwenyewe:

*Kiti chake ukikaa, hutataka kuinuka;*
*enzi utaikataa, hapa ukipumzika.*

"Unatabasamu?" Rula aliuliza.

"Hapana."

"Brashi. Unatabasamu."

"Ni picha tu, imetoka..."

"Imetoka vizuri! Hata mkaguzi ameona imetoka vizuri! Alikuja wakati baba amepeleka kitanda kwa mteja, mama yuko sokoni, mlango una kufuli. Hakuona mtu. Ameona kibao. Mwenye kiwanda, mwenye tawi kuu, mwenye viti vya kumfanya mfalme akatae enzi, huyo anakuja kuomba alipiwe ada ya binti yake?"

"Lakini kiwanda chenyewe..."

"Ni kibanda cha mabati! Wewe unajua, mimi najua. Kibao hakijui."

Mwenye duka la dawa alikuwa ametoka nje, anajifanya kupanga boksi lililokwisha kupangwa. Nikashusha sauti.

"Rula, lile 'Tawi Kuu' niliweka kwa sababu nafasi ilibaki chini. Mimi siwezi kuacha nafasi tupu kwenye kibao. Inaniumiza macho."

Alinitazama muda mrefu. Macho yale nimeyatungia beti nyingi usiku na mchana, na hakuna ubeti hata mmoja uliowahi kuyataja yakiwa na machozi.

"Nafasi ilibaki," alirudia polepole. "Basi sasa ni nafasi yangu mimi iliyobaki. Kuna majina mia mbili yanaingoja."

Hapo ndipo fahari yote iliponitoka, kama rangi mbichi ikinyeshewa mvua.

Alikuwa ameshakwenda chuoni asubuhi ile, peke yake, kubishana. Afisa wa mfuko alimwambia rufaa zinafungwa Ijumaa saa tisa alasiri. Yeye mwenyewe angekuja kesho, Alhamisi saa nne, kwa ukaguzi wa mwisho, na angeandika atakachokiona. Leo ilikuwa Jumatano.

"Kibao kitoke," nilisema. "Kitoke leo hii."

"Na nani atamwambia baba?"

Nikaitazama tena ile picha.

"Kila asubuhi anakifuta kwa kitambaa kabla hajafungua mlango," alisema. "Amewaita mafundi wenzake kuja kukisoma. Juzi alimlazimisha mpita njia asiyemjua asome shairi mpaka mwisho. Mama anasema tangu waoane hajamwona akitembea kifua mbele namna ile. Wewe ndiye uliyekipandisha, Brashi. Wewe ndiye utakayekishusha."

Akageuka. Pa, pa, pa. Kile kipande cha maranda bado kilikuwa nywelani.

* * *

Karakana ya Mzee Randa ina benchi moja, misumeno miwili, jiko la kuchemshia gundi, na viti vilivyovunjika vya watu wa mtaa mzima vimening'inizwa kwenye boriti kama popo. Paa ni mabati yenye matundu manne, na chini ya kila tundu kuna kopo, na Mzee Randa anajua kila kopo linajaa kwa mvua ya muda gani. Ukutani Rula amepigilia michoro yake, ameichora nyuma ya karatasi za msasa zilizokwisha kutumika: ngazi za kupinda, mapaa, daraja moja dogo lenye matao matatu.

Nilimkuta anaranda. Mke wake alikuwa mlangoni anachambua mboga, na Rula amesimama karibu na michoro, mikono nyuma. Alikuwa ameshamwambia baba yake kuhusu barua. Hilo la kibao aliniachia mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunipa pole? Sihitaji. Nitalipa mwenyewe." Hakuinua macho. "Nitauza ule msumeno mkubwa."

"Msumeno mkubwa unalipa miezi miwili, baba," Rula alisema. "Nimepiga hesabu. Masomo ni miaka minne."

"Basi na mimi nitauza ngazi yangu!" nilisema, damu ikanipanda. "Na makopo ya rangi, na baiskeli. Sitakaa nitazame..."

"Haya, sikieni," mama yake Rula alisema bila kuacha mboga. "Seremala hana msumeno, mchora vibao hana ngazi. Wote wawili mtakuja kula hapa kwangu, na mimi nitamlisha nani kwanza?"

Rula alicheka bila kutaka. Kicheko kidogo, kimepita puani. Lakini kilinipa nguvu.

"Mzee," nilisema, "waliokataa wamekataa kwa sababu ya kibao changu."

Randa ikasimama.

Nikamweleza yote: mkaguzi, kufuli, picha, matawi. Alisikiliza mkono ukiwa juu ya ubao. Nilipomaliza alikwenda taratibu hadi mlangoni, akatoka nje, akasimama chini ya kibao akikisoma kama anakiona mara ya kwanza. Tukamfuata.

"Unataka nikishushe," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Miaka thelathini nimefanya kazi hapa. Watu wakija wanasema 'wee fundi, kiti changu'. Hakuna aliyewahi kuuliza mahali hapa panaitwaje. Hakukuwa na kitu cha kuuliza. Umekuja wewe, ukaweka haya maneno, na watu wakaanza kunisalimia wakiwa mbali." Aligeuka, na sauti yake ilikuwa kali. "Sasa unataka nisimame hapa kesho mbele ya mgeni, mbele ya binti yangu, nimwambie mimi ni maskini?"

"Sitaki umwambie wewe ni maskini, baba," Rula alisema. "Nataka umwambie wewe ni fundi."

Mzee alimpita binti yake kwa macho. Alinitazama mimi, na katika jicho lile niliona kila kitu alichowahi kufikiria juu yangu: kijana asiye na chuo, asiye na duka, mwenye brashi tatu na maneno mengi, anayemzungukia binti yake.

Ningeweza kukasirika. Mimi hukasirika haraka. Rula anasema mimi huwaka kabla kiberiti hakijafika. Lakini kibao kilikuwa juu ya kichwa changu, na kila herufi yake ilikuwa yangu.

"Mzee, nikuombe radhi," nilisema. "Siku ile nilipochora, sikuwa nakutazama wewe. Nilikuwa namtazama baba mkwe. Nilijisemea, nikiandika 'fundi seremala', watu watasema Brashi anataka kuoa kwenye kibanda. Nikaona haya. Haya ya kwangu, si ya kwako. Ndiyo maana nikaandika kiwanda. Kazi yako sikuisifu hata kidogo. Niliificha."

Mzee alikitazama tena kibao. Mama yake aliacha mboga.

Rula alinitazama. Hakuwa ameyajua hayo. Wala mimi sikuyajua mpaka nilipoyasikia yakinitoka. Sikuweza kusoma macho yake, nikaangalia chini, kwenye vidole vyangu vyenye rangi ya duka la dawa.

"Leta ngazi," Mzee Randa alisema hatimaye.

Tulikishusha pamoja, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine. Tukakilaza benchini. Alichukua msasa, akaniangalia kama anayeuliza, nikaitikia kwa kichwa, na akaanza kuyasugua maua yangu ya kona. Sikujua kwamba rangi inaweza kumuuma mtu aliyeipaka. Dhahabu ilitoka kama vumbi, ikatua kwenye mikono yetu sote wawili.

Jua lilikuwa bado lipo nilipopaka nyeupe na kufungua kopo la nyeusi.

"Tuandike nini, mzee? Sema wewe."

Aliwaza. "Fundi seremala."

Nikaandika. Herufi nilizipa urembo ule ule, hilo sikulipunguza.

"Hodari?" nilijaribu.

"Toa hiyo. Watasema wateja."

"Sawa. Kisha?"

"Hutengeneza viti, vitanda na milango. Hurekebisha vilivyovunjika."

"Kwa bei nafuu?"

"Wewe kijana huponi!" Rula alisema, lakini alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu, karibu, na pumzi yake ilinifika shingoni.

"Kwa bei tunayokubaliana," Mzee alisema. "Ndivyo ilivyo."

"Karibuni?"

Alifikiri kidogo. "Hiyo iache. Hiyo ni kweli."

Chini ya 'Karibuni' ilibaki nafasi, upana wa kiganja, kutoka ukingo hadi ukingo. Nilichovya brashi. Mkono ukaanza kwenda wenyewe. Nikaurudisha.

"Mbona hapo chini patupu?" Mzee Randa aliuliza. "Mbona hujajaza?"

"Paacheni," nilisema, nikaosha brashi haraka.

* * *

Afisa alikuja saa nne kasoro, mama mnene mwenye mkoba mzito na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisimama nje muda mrefu, akiangalia picha iliyo mkononi mwake, kisha kibao, kisha picha tena.

"Hapa ndipo penyewe?" aliuliza. "Kiwanda kimekwenda wapi?"

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Mzee Randa alinitangulia.

"Kiwanda ni mimi, mama," alisema. Akainua mikono yake miwili, yenye makovu ya misumeno ya miaka thelathini. "Na haya ndiyo matawi."

Yule mama alimtazama. Kisha akacheka, kicheko cha tumbo, mpaka miwani ikateleza.

"Na nani aliyeandika kile kingine?"

"Mimi," nilisema. "Uongo ulikuwa wangu. Mzee hakuomba, na binti hakujua mpaka kimeshatundikwa. Kama kuna mtu wa kunyimwa kitu, ninyimwe mimi."

"Wewe umeomba nini kwetu?"

"Sijaomba kitu."

"Basi nitakunyima nini?" Akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, akatoa karatasi. Aliuliza maswali mengi na Mzee akayajibu moja moja, vitanda vingapi kwa mwezi, mvua ikinyesha hufanya nini. Kwa swali la mvua Mzee alimwonyesha makopo. Kichwa hakukiinamisha.

Mwisho yule mama alisimama akatembea hadi ukutani. Alilitazama lile daraja la nyuma ya msasa.

"Nani kachora?"

"Mimi," Rula alisema.

"Tao la kati umelifanya pana kuliko mengine. Kwa nini?"

"Kwa sababu maji mengi yanapita katikati, mama. Nguzo ikisimama hapo itapigwa kila msimu. Bora isiwepo."

Afisa aliinamia karatasi zake. Aliandika mstari mmoja, akaupigia mstari chini. Akiwa anatoka aligusa tena kile kigoda, akakitikisa. Hakikutikisika.

"Mzee," alisema, "nikileta kiti changu cha ofisini kimelegea mguu, utanirekebishia?"

"Kwa bei tutakayokubaliana," Mzee Randa alisema, na kifua kilikuwa kimesharudi mahali pake.

* * *

Ijumaa, kabla ya saa tisa, nilikuwa juu ya ngazi tena, duka la dawa hatimaye linapata herufi yake. Nikazisikia. Hazikugonga. Zilikuwa zinaburuta.

Sikungoja aseme shuka.

"Ada yote," alisema, "na kitanda bwenini, kwa miaka minne, nikifaulu kila mwaka. Vitabu na nauli ni juu yetu. Baba anasema vitabu ni juu ya kiwanda." Aliinamisha kichwa akicheka na kulia kwa pamoja, na mimi nilikuwa na rangi mikono yote, sikujua nimshike wapi. Akanishika yeye.

Jioni tulikaa wote nje ya karakana. Mzee Randa alikohoa kile kikohozi cha baba mwenye jambo.

"Kijana. Mimi si kipofu. Lakini huyu anakwenda kusoma, na kusoma si mchezo. Sitaki kusikia habari ya posa mpaka amalize. Miaka minne. Hutaki, sema sasa."

Miaka minne! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilifungua mdomo, na maneno yalikuwa tayari yamejipanga, yamevaa vizuri, yana vina. Kisha nikamwona Rula. Hakuwa ananiomba kitu. Alikuwa anangoja tu kuona mimi ni nani.

"Nataka, mzee," nilisema.

"Hivyo tu?" mama yake alishangaa. "Bila shairi?"

"Bila shairi, mama."

Rula alisimama akaenda chini ya kibao. Akainuka kwa ncha za vidole, akaweka kiganja chake kwenye ile nafasi nyeupe iliyobaki, kikaenea sawasawa.

"Hukuniambia hapa ni pa nini," alisema.

Nikamfuata. Kwenye nywele zake kulikuwa na kipande kingine cha maranda. Katika nyumba ile haviishi. Safari hii nilikiondoa, mbele ya wazazi wake, nikakitia mfukoni mwa shati.

"Ni pa jina lako na cheo chako," nilisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa mzee. "Mhandisi. Siku ukimaliza nitapanda hapa niandike, na sitaongeza hata nukta. Mpaka siku hiyo, Rula, nakuahidi: nitapita hapa kila asubuhi na brashi yangu mfukoni, nipaone patupu, paniume macho, na sitapagusa."